Viwakilishi vya Kiingereza na Majina Vinayoyarejelea: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu yaliyomo hapa yametokana na maswali ambayo wanafunzi wa sekondari, watahiniwa wa kujitegemea na wazazi wao wamekuwa wakiyauliza katika tuisheni ya Kiingereza hapa Mtwara mjini, na mengine yameletwa na walimu wa Lindi na Masasi wanaokutana na makosa yale yale kila wanaposahihisha insha. Hayakupangwa kwa utaratibu wa kitabu cha sarufi. Yanaanza na yale yanayomsumbua Mswahili kwa sababu ya lugha yake mwenyewe, kwani vitabu vingi vya sarufi ya Kiingereza vimeandikwa kwa ajili ya wasomaji wa nchi zote na havina nafasi ya kuyagusa.

Upatanisho wa kiwakilishi na jina maana yake ni nini?

Kiwakilishi ni neno linalosimama mahali pa jina ili jina lenyewe lisirudiwerudiwe. Kwa Kiingereza, maneno kama "he", "she", "it", "they", "his", "her", "its" na "their" lazima yalingane na jina linalorejelewa kwa mambo matatu: idadi, yaani kama ni kimoja au vingi, jinsia, yaani kama ni mwanamume, mwanamke au kitu, na nafsi, yaani kama ni anayesema, anayeambiwa au anayesemwa. Ndiyo maana tunaandika "The fisherman mended his net" tukimsema mvuvi mmoja wa Mikindani, na "The fishermen mended their nets" tukiwasema wengi.

Jambo hili si geni kwetu hata kidogo. Mtoto wa Newala ambaye hajaanza shule hasemi "muhogo zimekauka" wala "korosho limeanguka", na hakuna aliyemfundisha kanuni. Kiswahili kina upatanisho mkali kuliko Kiingereza, kwa sababu kinaudai kwenye kitenzi, kwenye kivumishi, kwenye kionyeshi na kwenye kimilikishi kwa wakati mmoja. Tatizo ni kwamba lugha hizi mbili hazitazami kitu kile kile. Kiswahili hutazama ngeli. Kiingereza huuliza kwanza kama ni mmoja au wengi, na ikiwa ni mmoja huuliza tena kama ni mwanamume, mwanamke au kitu. Makosa mengi yanayoelezwa hapa chini hutokea pale mwanafunzi anapoendelea kufikiri kwa ngeli huku mkono wake ukiandika Kiingereza.

Kwa nini wanafunzi huandika "My mother forgot his bag"?

Kwa sababu "-ake" haijali kama mwenye mali ni mwanamume au mwanamke. "Mkoba wake" ni mkoba wa mama, wa baba, wa Somoe au wa Chande, na Mswahili hajawahi kuhitaji kujua zaidi ya hapo ili sentensi yake ikamilike. Vivyo hivyo "amekuja" haisemi ni nani aliyekuja. Anapofika kwenye Kiingereza analazimika kuamua jambo ambalo lugha yake haikumtaka aliamue, na kwa haraka huchukua neno lililo karibu zaidi kichwani, ambalo mara nyingi ni "he" au "his".

Dawa yake si kukariri orodha ya viwakilishi, maana orodha hiyo kila mwanafunzi wa kidato cha kwanza anaijua. Dawa ni kujizoeza kurudi nyuma hadi kwenye jina kila unapotaka kuandika "he", "she", "his" au "her". Chukua sentensi hii: "Benjamin Mkapa studied English at Makerere before he entered public service." Neno "he" limerudi kwa Mkapa, naye ni mwanamume. Sasa iwe hivi: "My aunt studied nursing in Lindi before she moved to Kilwa." Shangazi ni mwanamke, kwa hiyo ni "she". Ni jambo dogo, lakini linataka kufanywa kila mara hadi liwe desturi, na wanafunzi wanaolifanya kwa kusema kwa sauti hulizoea mapema kuliko wanaolifanya kwa macho tu.

Mwalimu amekata "The boy lost their books". Si vitabu vilikuwa vingi?

Vitabu vilikuwa vingi, lakini mvulana alikuwa mmoja, na Kiingereza humtazama mvulana. Kosa hili lina mzizi wake katika kimilikishi cha Kiswahili. Sisi tunasema "kitabu chake" na "vitabu vyake", ambapo "ch-" na "vy-" zinafuata kitu kinachomilikiwa, huku mzizi "-ake" ukimfuata mwenye mali. Kwa hiyo kimilikishi chetu kina sura mbili, na ile inayobadilika mbele ya macho ya mwanafunzi ni ile inayofuata kitu. Anapoona vitabu vimekuwa vingi, anahisi kwamba kimilikishi nacho hakina budi kubadilika, naye anakibadilisha kuwa "their".

Kimilikishi cha Kiingereza hakina habari na kitu kinachomilikiwa. Ni "his book" na "his books", "her net" na "her nets", "their house" na "their houses". Kitabu kiwe kimoja au viwe mia, "his" haitikisiki mradi mwenyewe ni mwanamume mmoja.

Kuna upande wa pili wa jambo hili ambao haujadiliwi sana, nao unawapata hata wanafunzi wa kidato cha sita. Kwa Kiswahili, mwenye mali akiwa si mtu wala mnyama, tunatumia "-ake" hata akiwa katika wingi. Tunasema "vijiji na wakazi wake", "mikorosho na matawi yake", "shule na walimu wake", na ndivyo inavyotakiwa. Mwanafunzi akiihamisha sentensi hiyo moja kwa moja anapata "the villages and its people" au "the cashew trees and its branches", na haoni tatizo, kwa kuwa masikio yake yamesikia "-ake". Kiingereza kinataka "the villages and their people" na "the cashew trees and their branches", maana vijiji ni vingi na mikorosho ni mingi. Kadhalika huandikwa "Lindi and Mtwara and their people", kwa sababu mikoa ni miwili. Ningeshauri walimu wa kusini walitengee jambo hili kipindi kizima, kwa sababu karibu kila insha inayohusu mazingira, kilimo au historia ya mahali huwa nalo.

Maji, fedha, nywele na habari: tuseme "it" au "they"?

Yote manne ni "it". Hapa ndipo ngeli inapowaponza wengi, kwa sababu maneno haya kwa Kiswahili huvaa umbo la wingi. Tunasema maji yamejaa, fedha zimepotea, nywele zimekatika, habari zimefika. Mwanafunzi anayetoka kwenye "nimeyanywa" anaandika "I drank them", na anayetoka kwenye "nimezihesabu" anaandika "I counted them", ilhali "water", "money", "hair" na "news" kwa Kiingereza huchukuliwa kuwa kitu kimoja kisichohesabika. Sahihi ni "The water is dirty, do not drink it", "The money was on the table, but I cannot find it now", "Her hair is long and she plaits it every Friday", na "The news was bad and it spread quickly".

Orodha ni ndefu kuliko hayo manne. Maziwa, mafuta na mahindi yanaingia humo, kwani "milk", "oil" na "maize" vyote hurejelewa kwa "it". Mizigo ya abiria ni "luggage", vyombo vya nyumbani kama meza na vitanda ni "furniture", vifaa vya maabara ni "equipment", kazi za nyumbani ni "homework", na maneno hayo yote hurejelewa kwa "it" hata kama lori zima limejaa. Mwanafunzi anayeandika "The teacher gave us homework and we did them" amefikiria zile kazi zake tano, na amesahau kwamba Kiingereza kimezifunga katika furushi moja.

Mazao ya kwetu yanatoa zoezi zuri kwa sababu hayako upande mmoja. Ufuta ni "sesame", nao ni "it". Mbaazi ni "pigeon peas", nazo ni "they". Korosho zikiwa punje ni "cashew nuts", kwa hiyo "We dry them in the sun". Lakini zao lenyewe likitajwa kwa jumla kama "cashew", basi ni "it", mathalani "Cashew is grown in Tandahimba, and it is sold at auction". Ukiwapa wanafunzi gunia la korosho, huhitaji kueleza sana: kwa Kiswahili gunia ndilo lililoanguka, na kwa Kiingereza vilevile "The sack of cashew nuts fell, and it burst". Hapo lugha zote mbili zinakubaliana kwamba kinachotazamwa ni gunia, hata kama korosho zimo ndani kwa maelfu.

Kinyume chake pia kipo. Suruali yangu imechanika ni moja kwa Kiswahili, ila "trousers" ni wingi, hivyo "My trousers are torn and I must mend them". Mkasi nao ni "scissors", na hurejelewa kwa "them". Polisi ni neno la kuangaliwa zaidi, kwa sababu tunasema "polisi amefika" tukimkusudia askari mmoja, wakati "the police" ni wingi daima: "The police said they would return". Ukimtaka mmoja, andika "a police officer", ndipo "he" au "she" ipate mahali pa kurudi.

Mbuzi, ng'ombe na samaki wako ngeli ya watu. Je, ni "he"?

Kwa kawaida ni "it". Kwa Kiswahili mbuzi amekula mahindi, mfukuze, kwa Kiingereza "The goat has eaten my maize, chase it away". Kiingereza humruhusu mnyama kuwa "he" au "she" pale jinsia yake inapojulikana na mwandishi anaijali, kama mfugaji anayezungumzia ng'ombe wake wa maziwa, au pale mnyama anapopewa tabia za kibinadamu katika hadithi. Sungura wa ngano zetu anayemlaghai fisi ni "he" bila wasiwasi. Lakini mjusi mkubwa wa kale ambaye mifupa yake ilichimbwa na Wajerumani huko Tendaguru, mkoani Lindi, kati ya mwaka 1909 na 1913, na ambaye sasa amesimamishwa katika jumba la makumbusho mjini Berlin, ni "it".

Kanuni hiyo inagusa pia "who" na "which". Sisi tunasema "mbuzi ambaye", kwa hiyo mwanafunzi huandika "the goat who". Iandikwe "the goat which" au "the goat that", na "who" iachiwe watu.

Wanaoishi karibu na bandari huuliza kuhusu meli, kwa sababu wamesikia mabaharia wakiziita "she". Desturi hiyo ni ya zamani na bado ipo midomoni, ila katika maandishi ya kawaida "it" ndiyo inayotumika zaidi siku hizi. Hata Lloyd's List, gazeti la Uingereza la habari za meli lenye umri wa karne kadhaa, liliamua mwaka 2002 kuziita meli "it".

Nikiandika habari za babu, si adabu kutumia "they"?

Swali hili huulizwa na wanafunzi wanaozungumza Kiyao nyumbani, na lina msingi, kwani katika lugha hiyo mtu mzima anayeheshimiwa hutajwa kwa umbo la wingi. Hata katika Kiswahili cha huku kusini mtu husikia mzee mmoja akisemwa kama vile ni wengi. Kiingereza hakina njia hiyo ya kumheshimu mtu anayesemwa. Ukiandika "My grandfather came yesterday and they sat under the mango tree", msomaji atatafuta ni nani aliyefuatana na babu. Andika "he", nawe utakuwa hujamkosea mzee. Heshima ya Kiingereza hukaa kwenye jina na cheo, si kwenye kiwakilishi. Rais wa nchi anapotajwa kwa sifa zote, sentensi ifuatayo humwita "he" au "she" kama mtu mwingine yeyote.

"Everyone", "each" na "nobody" zinafuatwa na nini?

Kisarufi maneno haya ni umoja, nasi hatupati shida kulielewa hilo kwa kuwa "kila mtu" pia ni umoja: kila mtu alikuja na jembe lake. Kitenzi hakina mgogoro, ni "everyone has", "each is", "nobody knows". Mgogoro unaanza kwenye jembe. Kama kundi ni la wanawake watupu, tunasema "Each of the women brought her hoe". Kama ni la wanaume watupu, ni "his". Kama limechanganyika, au hatujui, Kiingereza hakina kiwakilishi maalumu cha umoja cha mtu anayesemwa kisichotaja jinsia, yaani hakina "-ake", na hapo watu wake wamebishana kwa muda mrefu.

Kwa miaka mingi shule zilifundisha "his" kwa wote. Bunge la Uingereza lilipitisha mwaka 1850 sheria iliyosema kwamba katika sheria za nchi maneno ya kiume yachukuliwe kuwa yanawahusu wanawake pia. Baadaye "his or her" ikashika nafasi, nayo ni sahihi, ila ikirudiwa mara nne katika aya moja humchosha msomaji. Njia ya tatu ni "their": "Everyone brought their hoe." Wapo walimu wanaoikata wakidhani ni uzembe wa vijana wa leo. Ukweli ni kwamba "they" ya mtu mmoja imeandikwa kwa Kiingereza tangu karne ya 14, na waliokuja kuipiga marufuku ni wanasarufi wa karne za baadaye. Mwaka 2019 Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani, ambacho mwongozo wake wa uandishi hutumiwa na vyuo vikuu vingi, kiliikubali rasmi, na mwaka huo huo kamusi ya Merriam-Webster iliichagua "they" kuwa neno la mwaka. Katika maandishi ya kutoka nje utaikuta pia ikitumiwa kwa mtu mmoja anayejulikana ambaye hataki kuitwa "he" wala "she". Ukiikuta, isome kama umoja.

Anayeona ajabu neno la wingi kumrejelea mtu mmoja akumbuke "you", ambalo nalo lilikuwa la wingi, na leo tunamwambia mtu mmoja "you are" bila kushtuka.

Je, katika mtihani uandike ipi? Rai yangu ni kwamba mtahiniwa asiingie katika ubishi huo akiwa na kalamu mkononi. Geuza jina liwe la wingi, na tatizo litatoweka lenyewe. Badala ya "Every student must bring his or her pen", andika "All students must bring their pens". Pale swali linapokulazimisha kubaki na umoja, "his or her" haiwezi kukatwa na msahihishaji yeyote.

Timu, kamati na serikali ni "it" au "they"?

Inategemea unaliona kundi kama kitu kimoja au kama watu walio ndani yake, na inategemea pia Kiingereza cha nchi gani. Waingereza huruhusu yote mawili. Wamarekani hupendelea umoja karibu daima. Shule zetu zimefuata Kiingereza cha Uingereza tangu enzi za ukoloni, kwa hiyo mwanafunzi wa Tanzania ana uhuru, ila uhuru huo una sharti moja, kwamba kitenzi na kiwakilishi viende njia moja.

Chukua Namungo ya Ruangwa. Unaweza kuandika "Namungo has changed its coach", ukiitazama klabu kama chombo kimoja, au "Namungo are celebrating their victory", ukiwatazama wachezaji wanaorukaruka uwanjani. Kinachokataliwa ni kuchanganya: "Namungo has won their match" ina "has" ya umoja na "their" ya wingi ndani ya sentensi moja. Mchanganyiko huo unasikika sana redioni na hata Waingereza wenyewe huusema, lakini katika insha unaonekana kama mwandishi amejisahau katikati ya njia.

Chama cha ushirika, kampuni, wizara na benki ni vyema viwe "it" daima: "The cooperative union sold its cashew nuts at the auction." Ukitaka kusema "they", taja watu: "The members of the cooperative union sold their cashew nuts."

Majina mawili yakiunganishwa, kiwakilishi kinafuata lipi?

Yakiunganishwa kwa "and", ni wingi: "Somoe and Chande sold their coconuts." Isipokuwa mtu ni mmoja mwenye vyeo viwili, kama "The headmaster and mathematics teacher lost his keys", ambapo "the" moja tu ndiyo inayotuambia kwamba mtu ni mmoja. Yakiunganishwa kwa "or" au "nor", kiwakilishi hufuata jina lililo karibu nacho: "Neither the captain nor the sailors left their boat." Ukiweka la wingi mwishoni, sentensi husikika vizuri, ukiligeuza, hata Mwingereza hukunja uso.

Kwa nini "one of the students who have done their homework" na si "who has done"?

Kwa sababu "who" imerudi kwa "students", si kwa "one". Wanafunzi waliofanya kazi yao ni wengi, na huyu ni mmojawapo. Kiswahili kinaonyesha jambo hili waziwazi kwa o-rejeshi: "ni mmoja wa wanafunzi waliofanya kazi yao". Hakuna anayesema "wanafunzi aliyefanya". Lakini ukiongeza "the only", mambo hugeuka: "She is the only one of the students who has done her homework", yaani ni yeye peke yake.

Vivyo hivyo usikubali kundi la maneno lililo katikati likuvute. "One of the women has lost her purse" inamhusu mwanamke mmoja, hata kama "women" ndiyo iliyo jirani na kitenzi.

Mwalimu ameandika pembeni "nani?" kwenye sentensi yangu, na sarufi ni sahihi. Kosa ni nini?

Kosa ni utata. "Somoe told Sharifa that her phone was ringing" haina kosa la idadi wala la jinsia, ila simu haijulikani ni ya nani. Kiswahili kina udhaifu huo huo katika "simu yake", lakini katika mazungumzo tunaumaliza kwa kunyoosha kidole, na kwenye karatasi kidole hakipo. Rudia jina, au tumia maneno yenyewe yaliyosemwa: "Somoe said to Sharifa, 'Your phone is ringing.'"

Aina nyingine ya utata ni "they" isiyo na mwenyewe. Mwanafunzi anaandika "In Songo Songo they produce gas", na msomaji anajiuliza ni akina nani hao. Kiswahili hupenda "wanachimba gesi" bila kumtaja mtu, na katika maongezi hata Kiingereza hufanya hivyo, lakini katika insha ni bora kuandika "Gas is produced at Songo Songo". Ichunguzwe pia "this" inayoanza sentensi peke yake baada ya maelezo marefu. Ipe jina la kuegemea, kama "this delay" au "this decision".

Je, ni kosa kuandika "The teacher he came late"?

Ndiyo. Mwanafunzi ameifasiri "a-" ya "alichelewa" kuwa "he". Kiambishi cha nafsi ni cha lazima kwetu hata jina likiwapo, lakini kwa Kiingereza jina likishatajwa kama kiima, kiwakilishi hakirudiwi: "The teacher came late."

Kubadilisha nafsi katikati ya sentensi kuna ubaya gani?

Tunasema bila tatizo "mtu akitaka kufaulu inabidi usome", na kila mtu anaelewa. Katika maandishi rasmi ya Kiingereza, "If a person wants to pass, you must study" huhesabiwa kuwa kosa, kwa sababu "a person" ni nafsi ya tatu na "you" ni ya pili. Chagua moja ubaki nayo. Hali hiyo hujitokeza pia kwenye "-ji-", ambayo kwetu ni moja kwa nafsi zote: najiandaa, unajiandaa, wanajiandaa. Kiingereza kina neno kwa kila nafsi, hivyo "We must prepare ourselves", wala si "themselves".

"Its" na "it's"?

"Its" ni kimilikishi, na "it's" ni kifupi cha "it is" au "it has". Ukiweza kusoma "it is" au "it has" na sentensi ikaleta maana, weka alama ya ritifaa ('), ikikataa, iache.

Tunaweza kuona makosa haya yakisahihishwa ndani ya aya moja?

Aya ifuatayo imetungwa kwa kukusanya makosa yanayoonekana mara nyingi: "My grandmother lives in Tandahimba. He has a cashew farm and it's trees are old. In October they pick up the nuts and dry it on a mat. The cooperative weighs the sacks and puts it in their warehouse. When my grandmother gets the money, she hides them under the bed. If a person is old, you must be helped by your children."

Sentensi ya pili ina "He" inayomrudia bibi, na "it's" isiyoweza kusomeka kama "it is". Katika ya tatu "they" haina mwenyewe. Huenda mwandishi amemkusudia bibi kwa wingi wa heshima, au familia nzima, na hatuna namna ya kujua, ilhali "it" inazirudia "nuts" ambazo ni nyingi. Katika ya nne "it" inarudi kwa "sacks", na "their" inarudi kwa ushirika ambao kitenzi "weighs" kimekwisha kuufanya umoja. Ya tano imeponzwa na "fedha zimefichwa". Ya mwisho imehama kutoka nafsi ya tatu hadi ya pili.

Ikisahihishwa inakuwa hivi: "My grandmother lives in Tandahimba. She has a cashew farm and its trees are old. In October the whole family picks up the nuts and dries them on a mat. The cooperative weighs the sacks and puts them in its warehouse. When my grandmother gets the money, she hides it under the bed. Old people must be helped by their children." Sentensi ya mwisho ingeweza pia kubaki katika umoja, "If a person is old, their children must help them", na msahihishaji anayekubali "they" ya mtu mmoja ataipa alama zake zote, nimeweka ya wingi kwa ajili ya yule asiyeikubali.